Jicho Kwanza, Bunduki Baadaye

Mwindaji wa bata anayeijua kazi yake hupimwa kwa risasi alizorudi nazo nyumbani. Ameketi kwenye matete tangu kabla ya jua kuchomoza, makundi yamepita juu yake, naye ameyaacha. La kwanza lilikuwa juu mno. La pili halikuwa la bata. La tatu lilikuwa la bata kweli, lakini nyuma yake palikuwa na mtu anapalilia shamba. Mwishowe akapiga mara moja, akaokota ndege mmoja, akashika njia ya kurudi. Ufundi wake wote umo katika yale aliyoyaacha yapite, na hayo ndiyo anayeanza anapaswa kuyasomea kwanza.

Mazingira ya kata ya Ulaya yanafaa sana kwa somo hilo. Kata hii ya Wilaya ya Kilosa iko kwenye njia ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, katika ukanda unaopitiwa na reli ya Kidatu. Mito inashuka kutoka milimani upande wa magharibi, Miyombo ukiwa mmojawapo, na masika yakikolea maji hutanda mabondeni, majaruba ya mpunga yakajaa, na vidimbwi vikabaki hata baada ya mvua kukatika. Upande wa mashariki umelala uwanda wa Mkata, na ndani yake Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Bata haujui mpaka huo. Anaweza kushinda bwawani ndani ya hifadhi, na giza likiingia akaja kula mpunga wa mtu kijijini. Anayepaswa kuujua mpaka ni mwenye bunduki, kwa sababu ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Kwa hiyo somo linaanzia kwenye karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka kila anayewinda awe na leseni, hata kama anachotaka ni bata mmoja wa kitoweo. Silaha nayo ina sheria yake, ya mwaka 2015, na maombi ya kuimiliki hupitia Jeshi la Polisi. Kuwinda usiku ni kosa, na kupiga ukiwa ndani ya gari ni kosa. Afisa wanyamapori ndiye wa kumwendea kabla ya jambo lolote: akwambie ni ndege gani wanaoruhusiwa, wangapi, eneo gani, na kuanzia lini. Hapo kuna hekima ya asili pia. Bata wengi wa kwetu hutaga na kulea wakati wa mvua na mara baada yake. Tena bata wana tabia ya kupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa pamoja, wakakaa wiki kadhaa hawawezi kuruka. Kumpiga ndege aliye katika hali hiyo hakuhitaji shabaha, na mwindaji wa kweli hana haja naye.

Karatasi zikiwa sawa, linafuata jicho, na mwalimu mzuri wa kuanza naye ni bata wa miluzi mwenye uso mweupe. Mtazame kwa darubini akiwa amesimama ukingoni. Uso wake kuanzia mdomoni hadi nyuma ya macho ni mweupe, kisogo cheusi, shingo ya kahawia iliyoiva, na ubavuni ana mistari myembamba iliyopangwa kwa utulivu, mweusi kwa mweupe. Anasimama wima, shingo ndefu, miguu mirefu. Dume na jike wamefanana, na wote wawili hulalia mayai kwa zamu. Mchana hukusanyika wengi pamoja kando ya maji, wakichakurana manyoya ya shingo, na usiku huenda kutafuta mbegu na majani ya majini. Akiruka, mabawa yake ni mapana na meusi, hayana doa jeupe, kichwa kimeshuka kidogo, na miguu inachomoza nyuma ya mkia. Kabla hujamwona utamsikia: mluzi mwembamba wa sauti tatu, safi kabisa, unaotangulia kundi gizani.

Ukimjua huyo, wengine unawapima kwake. Bata bukini wa Misri ni mkubwa zaidi na ana weupe mpana bawani. Bata bukini mwenye kucha bawani ndiye mkubwa kuliko ndege wote wa jamii ya bata barani Afrika. Dume lake laweza kupita kilo 5. Bata dume mwenye nundu juu ya mdomo ana tumbo jeupe na mabawa ya giza yenye kung'aa, na jike lake hutaga katika mashimo ya miti. Halafu yuko bata mdogo kuliko wote wa bara hili, anayejificha kati ya mayungiyungi. Uzito wake ni kama robo kilo, na uzuri wake unatosha kumfanya mtu aishushe bunduki. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huongezeka na wageni, bata wadogo wanaozaliana huko Urusi na nchi jirani zake, wakavuka bahari na jangwa hadi mabwawa ya Afrika Mashariki.

Ugumu ni kwamba alfajiri rangi hizo zote hazionekani. Kinachobaki ni umbo na mwendo. Niliwahi kuketi kando ya mzee mmoja wa sehemu hizi, kwenye lindo la matete alilolifunga mwenyewe, mashariki kukiwa ndiyo kwanza kunapauka. Mstari wa ndege weusi ulitokea chini chini juu ya mpunga. Alikuwapo kijana aliyekuja kujifunza, naye akanong'ona, "Babu, hao wanakuja." Mzee hakuigusa bunduki. "Hao ni kwarara, mwanangu. Tazama mdomo, umepinda. Tena wanapiga bawa, wanateleza, wanapiga tena. Bata hatelezi hivyo, bata anapiga moja kwa moja." Baadaye kidogo mluzi ukasikika, kundi likapita juu ya mibuyu. Safari hii walikuwa bata kweli, na bado mkono wa mzee ulikaa gotini. "Juu mno," alisema. "Ukipiga hapo utamjeruhi, akafie mbali kwa fisi." Yangeyange wakapita, mnandi akapita. Jua lilipokwisha kutoka ndipo bata watatu waliposhuka kuelekea maji, mabawa yamekunjwa nusu, miguu imetangulizwa mbele. Mlio ulikuwa mmoja.

Nilipotazama baadaye alivyolipanga lindo lile, niliona kwamba kila kitu kilikuwa kimeamuliwa kabla hatujafika. Jua lilikuwa mgongoni mwake, likiwapiga ndege machoni. Upepo ulivuma kutoka nyuma yake kwenda majini, kwa sababu bata hutua akiukabili upepo, hivyo kundi linaloshuka hulazimika kuja likimwelekea. Matete hayakukatwa hapo hapo. Yalitoka kwingine, yakachomekwa kati ya yale yanayoota, ili umbo la ukingo lisibadilike. Mbele palikuwa na kijiti alichokichomeka hatua 35 kutoka alipoketi. Ndege akiwa ng'ambo ya kijiti, hapigwi.

Kijiti hicho kina hesabu ndani yake. Bunduki ya marisau hutawanya chembe zake, na kadiri zinavyokwenda mbali ndivyo zinavyoachana na kuishiwa nguvu. Ndani ya mita 30 hivi mwenye mkono mzuri ana hakika ya kuua mara moja. Ukivuka sana hapo unabahatisha, na anayelipia bahati hiyo ni ndege. Kuna hesabu nyingine ya mwendo. Bata anayeruka kilomita 70 kwa saa husogea zaidi ya mita 19 katika sekunde moja. Marisau hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 400 kwa sekunde, na kwa kuwa hupungua njiani, huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 30. Katika muda huo bata amekwisha kusogea mita 2 hivi. Aliyemlenga bata mwenyewe amepiga hewa iliyo nyuma ya mkia. Fundi hulenga pale ndege atakapokuwa, na mtutu wake huendelea kusafiri na ndege hata baada ya kidole kuvuta. Mwili hujifunza jambo hili polepole, kwa mazoezi ya shabaha mahali pa halali, siyo juu ya viumbe hai.

Mlio ukishalia, kazi haijaisha. Anayemwangusha bata humfuata papo hapo, kabla ya kuwaza wa pili, kwa sababu bata aliyejeruhiwa huzama kwenye majani asionekane tena. Huokota pia maganda ya risasi. Marisau ya madini ya risasi yaliyobaki topeni yana madhara ya miaka mingi: bata humeza changarawe ili zimsaidie kusaga chakula kwenye firigisi, akiokota marisau pamoja nazo sumu humwingia damuni. Marekani ilipiga marufuku marisau hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya umeyazuia kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wahamao kati ya Afrika na Ulasia, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka jambo hilo hilo. Anayeweza kupata marisau ya chuma na atumie hayo.

Uzito wa uangalifu wote huu unaonekana ukitazama unapokosekana. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, mtafiti wa ndege Martin Odino alionyesha jinsi watu walivyokuwa wakitega ndege wa mashamba ya mpunga kwa chambo chenye dawa ya wadudu ya kabofurani, kisha wakawauza kama kitoweo. Sumu haiulizi yupi ni bata na yupi ni korongo, haijui msimu, na inakaa kwenye nyama hadi sahani ya mtoto. Mtu aliyefunzwa kuacha makundi manne ili apige la tano yuko mbali kabisa na mtega sumu, ingawa wote wawili hurudi na ndege.

Nyama ya bata wa porini ni nyeusi na ngumu kidogo. Inataka limau, tangawizi, vitunguu saumu na moto wa taratibu, na mlaji atafune kwa uangalifu asije akauma marisau. Bata mmoja hujaza chungu cha jamaa ndogo. Hakuna sababu ya kutaka kumi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, usianze na duka la silaha. Msimu wako wa kwanza uwe wa darubini na daftari. Omba ruhusa ya mwenye shamba, ukae na wale wanaoamia ndege kwenye madungu yao, maana wao wanajua saa ya kila kundi na njia yake. Andika upepo, mwanga, umbo, sauti. Pima hatua kwa miguu hadi jicho lizitambue bila kuhesabu. Siku utakapoweza kusema kwa mluzi tu ni bata gani anayekuja, anatokea upande gani na atapita umbali gani, ndipo uende kwa afisa wanyamapori ukaulize habari za leseni.