Walingojea prosesa, wakapata klavye

Rafiki mmoja wa promosyo yetu iko na pesa ya kununua laptop tangu mwezi wa tatu. Hanunui. Kila nikimuuliza, jibu ni moja: "Ngoja kwanza, kuko nyingine inakaribia kutoka." Anajua prosesa itakuwa ya aina gani, RAM ngapi, batri itakaa saa ngapi. Mashine yenyewe bado haijatangazwa na mutu yeyote. Wakati huu TFC yake anaiandika ku simu, na data ya sampuli za udongo anaziingiza usiku mu mashine ya kuazima, mwenyewe akishalala.

Simuchekei, juu hata mie nilipita mu njia ileile. Ila ninataka tuangalie mashine moja ambayo watu waliingojea hivi, wakaibashiri miezi na miezi, na ambayo leo hesabu yake imefungwa kabisa, tunaweza kuihukumu bila woga: MacBook Pro ya 2016. Tena wanunuzi wa kwanza walishaiacha zamani, na sasa inazunguka kama okazyo. Njo kusema ile walikuwa wanangojea wao, ni sisi tunaweza kuletewa.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa tano 2015, Apple ilitoa MacBook Pro ya inchi 15. Mashine muzuri, lakini prosesa yake ya Intel ilikuwa ya kizazi cha Haswell, kilichotoka tangu 2013, maana Intel ilichelewa na kizazi kilichofuata. Miezi mitatu tu nyuma yake, mwezi wa nane, Intel ikaanza kutoa Skylake. Hapo watu wakaanza kuhesabu vidole. Itakuja mwisho wa 2015. Haikuja. Itakuja mwezi wa tatu 2016. Mwezi wa tatu ikatoka simu, iPhone SE. Basi ni mwezi wa sita, ku mkutano wa watengeneza programu. Mkutano ukapita na programu tupu, hakuna hata kompyuta moja iliyoonyeshwa.

Mu ile miezi yote watu walikuwa wanaongelea nini? Prosesa, kadi ya michoro, RAM. Wengi walitumaini RAM ya GB 32. Na kuko wenye walijua vitu vya kweli: Ming-Chi Kuo, mchambuzi mwenye kufuatilia viwanda vya Asia, alisema kutakuwa na kioo chembamba cha OLED pahali pa vibonyezo vya juu, na pahali pa kusomea alama ya kidole. Mwezi wa tano 2016 picha za ganda la mashine zikatoroka, zinaonyesha matundu manne ya USB-C na nafasi ya kile kioo. Nataka niwe wa haki hapa. Wabashiri hawakuwa waongo. Vitu walivyosema, vingi vilitimia.

Tarehe 27 mwezi wa kumi 2016 mashine ikatoka. Touch Bar iko, alama ya kidole iko, prosesa ni Skylake. RAM ilibaki 16 paka 16. Phil Schiller wa Apple alieleza kwamba kuweka 32 kungelazimisha aina nyingine ya RAM yenye kula umeme mwingi. Bei ya inchi 15 ilitoka dolari 1,999 ikapanda 2,399. Batri ya inchi 15 ilipunguzwa kutoka saa-wati 99.5 mpaka 76, ili mashine iwe nyembamba: milimita 15.5 badala ya 18. Milimita mbili na nusu! Nani alikuwa ameziomba?

Lakini yote hayo si kitu kikubwa. Kitu kikubwa kilikuwa klavye.

Klavye ya 2016 ilikuwa ya muundo unaoitwa kipepeo. Kibonyezo kinashuka karibu nusu milimita tu, kiisha kinagonga chini. Nafasi ni ndogo sana, hata punje ya vumbi ikiingia kibonyezo kinagoma, ao kinaandika herufi mara mbili. Watu walilalamika karibu miaka miwili. Mwezi wa sita 2018 Apple ikakubali kutengeneza klavye hizo bure, kwa miaka minne tangu siku mashine iliuzwa mara ya kwanza. Wanunuzi wa Marekani walienda mahakamani, na mu 2022 Apple ikakubali kulipa dolari milioni 50, kwa wale walionunua mu majimbo 7 ya kule. Klavye yenyewe ilianza kuachwa mwezi wa kumi na moja 2019, na mwezi wa tano 2020 haikuwa tena mu laptop yoyote mpya ya Apple.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa njo niko na shida na ile tabia ya kubashiri. Klavye ya kipepeo haikuwa siri. Ilikuwa tayari mu MacBook ndogo ya inchi 12 iliyoingia mu maduka mwezi wa nne 2015. Mwaka muzima na nusu mbele ya MacBook Pro mpya, mutu aliweza kuingia dukani, kuigusa, kuandika mustari mmoja, kujiuliza: hii kitu mu vumbi itaishi? Wengi hawakuuliza. Macho yalikuwa ku namba, juu namba inabishaniwa vizuri. GB 32 ni kubwa kuliko 16, mjadala umeisha, mutu anajisikia mujuzi. Klavye haina namba. Inajibu maswali yake polepole, mwaka wa pili, wa tatu, wakati kelele imeshahamia ku mashine nyingine.

Sisi wa agronomia tunaijua hii hadithi. Karatasi ya mbegu ya muhindi inakuambia tani ngapi kwa hekta. Mukulima haulizi hiyo kwanza. Anauliza: jua likipitisha wiki tatu inakufa? Wadudu wa ghala wanaipenda? Inatwangika? Nimeona mbegu ya namba kubwa ikikataliwa na mama mmoja kwa sababu suke halikufunikwa vizuri juu, ndege na maji vinaingia. Alikuwa na haki kuliko karatasi.

Tuirudishe mashine hiyo kwetu, basi. Hapa Lubumbashi kiangazi kinashika mwezi wa tano mpaka wa tisa, na vumbi letu jekundu halibishi hodi. Linaingia mu sahani, mu shuka, mu mapafu. Mwenye kazi ya shamba anafungua laptop ku ukingo wa barabara ya udongo, gari inapita, imeisha. Na kutengeneza si kubadilisha kibonyezo kimoja: ile klavye imefungwa pamoja na ganda lote la juu, na batri imegundishwa mulemule. Ile miaka minne ya bure imekwisha kwa zote, hata zile zilizouzwa mwisho. Hata ingekuwa bado, Apple haina duka lake lenyewe mu Kongo. Rafiki mwengine (si huyu wa kungojea) alinunua moja ya namna hii, imetoka Ulaya, safi kabisa, inang'aa. Miezi minne kiisha herufi "e" ikaanza kutoka mbili mbili. Jaribu kuandika TFC ya Kifaransa na "e" ya namna hiyo. Fundi alimuomba pesa karibu nusu ya bei aliyonunua.

Jambo la pili ambalo lilipita bila kelele ya kutosha: mu 2015 ile sehemu ya kutunza data, SSD, ilikuwa inatoka. Mu zile za 2016 zenye Touch Bar imechomelewa ku kadi kubwa. Kadi ikikufa, na ku umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa nguvu kadi zinakufa, data zako zinabaki mule ndani. Kwa mutu wa nchi yenye duka la kurudishia hiyo ni hasira ya siku mbili. Kwa mwanafunzi wa hapa ni mwaka wa masomo.

Kuko na mazuri pia, nisiseme kama mutu mwenye kinyongo. Kioo cha 2016 kina rangi nyingi kuliko cha nyuma, ni chepesi kubeba, sauti ni muzuri. Na ile ya 2015 ambayo watu wanaisifu leo haikuwa malaika: mwezi wa sita 2019 Apple iliita batri za inchi 15 za mwaka ule, zilizouzwa zaidi kati ya mwezi wa tisa 2015 na wa pili 2017, kwa sababu ziliweza kupata moto kupita kiasi. Mwenye kuona moja ku soko aulize kama batri ilibadilishwa.

Halafu mutu ataniuliza: na M1? Swali la haki. Wenye walinunua MacBook Air ya Intel mwezi wa tatu 2020 walijuta mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, ile ya M1 ilipotoka, haina hata feni, na batri yake inavumilia siku nzima ya kazi. Kwa sisi wenye kuandika bila umeme, hiyo batri ni kitu cha kweli. Lakini angalieni tofauti. Mwezi wa sita 2020 Apple yenyewe ilisimama ikasema inaacha Intel, na kwamba mashine ya kwanza itatoka mbele ya mwaka kuisha. Kungojea pale kulikuwa na tarehe na mwenye kuahidi. Haifanani na kungojea kwa sababu mutu fulani amesikia ku kiwanda fulani. Na hata pale, ile ya bei ndogo ilikuwa na RAM ya GB 8, imechomelewa, hauongezi. Apple ilibaki na 8 kama mwanzo wa MacBook Air mpaka mwezi wa kumi 2024. Kila mwaka watu walibashiri prosesa, na kila mwaka ile 8 ilikuwa inawangojea palepale.

Kitu kimoja zaidi, kidogo tu, maana mimi ni mutoto wa Katanga. Mu batri ya laptop kuko kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu huku, Kolwezi na pembeni yake. Mu ile miezi yote ya kubashiri 2016, sikumbuki kusoma mutu mwenye alijiuliza batri ya mashine mpya itachimbwa na nani. Napita.

Kwa ndugu yangu mwenye kungojea: chukua pesa yako, uende ku soko asubuhi, wakati muuzaji hana haraka. Usianze na namba. Fungua pahali pa kuandika, uandike majina yote ya promosyo yetu, haraka, jina na posti-jina, tuko wengi vya kutosha kugusa kila herufi. Kiisha chomoa chaja, uache mashine iwake muda wote mukibishana bei. Uliza kama SSD inatoka. Mashine ikikuonyesha jina la kampuni fulani ya Ulaya ao inaomba neno la siri la mwenye alikuwa nayo mbele, irudishe hata ikiwa ya bure. Na kama muuzaji anakuambia klavye ya 2017 "ni vile ziko zote", ujue anasema kweli, kisha uweke pesa yako mu mufuko.

Jana aliniandikia. Ati ile inayokuja itakuwa na kioo cha kugusa. Sura ya pili ya TFC bado iko mu simu.