Dua Iliyo Juu ya Dari

Aliyezoea kuinua macho katika Mji Mkongwe akasoma maandishi yaliyochongwa juu ya mlango, hatoona ugeni mkubwa akiingia Cappella Palatina, kanisa dogo lililomo ndani ya kasri ya Palermo, kisiwani Sicilia. Mfalme Roger wa Pili ndiye aliyeamuru lijengwe, likawekwa wakfu mwaka 1140. Kutani, vijiwe vya rangi na vioo vya dhahabu vinasimulia Biblia kwa Kigiriki na Kilatini. Dari lakini ni jambo jingine: ni ya mbao, imekatwa vishubaka vinavyoning'inia mithili ya sega la nyuki, ufundi wa Kiislamu wa zama za Fatimiya. Khati ya Kikufi inaomba baraka, afya na ushindi, na baina yake wamechorwa wapiga ala, wanywaji, wapanda ngamia na wawili wachezao sataranji.

Wengi huusifu mchanganyiko huu kuwa ni ushahidi wa kuvumiliana. Mimi siridhiki upesi hivyo. Niliitazama dua ile hata shingo ikaniuma, nikajiuliza aliandikiwa nani. Iko juu mno kusomeka. Naiona kama kasida iliyotungwa kwa ajili ya baraza ya sultani: mizani timilifu, vina havina ila, na moyo wa mtunzi hatuujui. Majina ya mafundi hayakubaki. Limebaki la Roger, na la al-Idrisi, mwanajiografia wake, aliyekamilisha kitabu mwaka 1154 na kuzitaja humo Malindi na Mombasa.

Naupenda zaidi ukweli wa Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita Palermo mwishoni mwa 1184. Aliingia kanisa la jirani, liitwalo leo Martorana, akastaajabu waziwazi, akalisifu. Kisha akamwomba Mungu adhana isikike katika mnara wake. Hakuficha sifa, wala hakuificha imani.

Dua yake haikujibiwa. Kuanzia miaka ya 1220 Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger, aliwahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sicilia hadi Lucera, bara. Mwaka 1300 makazi yao huko nayo yakavunjwa, na wengi wao wakauzwa utumwani.

Atakayekwenda Palermo achukue darubini. Bila ya hiyo, wale wacheza sataranji hawaonekani vyema.