Gari la Mbio Katika Nyanda za Juu: Jinsi ya Kulistahimilisha Kati ya Kasulu na Kibondo

Wengi waionapo Toyota Altezza ya mwaka 1998 ikipanda kutoka Mvugwe kuelekea Busunzu, tumbo lake likikaribia kugusa changarawe, huhukumu papo hapo kwamba mwenyewe ametanguliza fahari mbele ya akili. Mimi nashikilia kinyume chake: kwamba gari la mbio lenye umri mkubwa laweza kuwa chombo cha kutegemewa kila siku katika nyanda za juu za Kigoma, ilimradi mwenyewe aitumie fedha yake katika kulikinga kabla ya kufikiri habari ya kuliongezea nguvu.

Ushahidi wa dai hili umo katika historia ya mashindano ya magari ya Safari Rally. Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita na sentimita za ujazo 2,393, lilianza kuuzwa mwaka 1969, na soko lake kubwa lilikuwa katika barabara laini za Marekani. Hata hivyo, mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo katika vumbi na tope la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia ushindi huo pamoja na Lofty Drews. Ushindi wa pili ndio wenye mafunzo makubwa zaidi, kwa kuwa Mehta alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, gari la asili ya kifamilia, hata ikabidi kanuni maalumu itumike kumpambanua mshindi. Katika mashindano yale dereva alihesabiwa dakika alizopoteza, na katika hesabu ya namna hiyo mashine yenye nguvu haina fadhila juu ya ile dhaifu, endapo zote mbili zimejilinda sawasawa dhidi ya hasara.

Basi tuzitazame hasara hizo moja baada ya nyingine, tukianza na tumbo. Altezza ya toleo la RS200 huinuka kutoka ardhini kama sentimita 14 tu, na tairi yake ya kiwandani, 215/45R17, ina ukuta wa milimita 97, ambao hauwezi kumeza jiwe lenye ncha pasipo kuipinda rimu. Mwenye busara hutafuta rimu ya inchi 16, akiijaribu kwanza kama inapita salama juu ya kalipa za breki, kisha huifunga tairi ya 205/60R16: ukuta huongezeka hadi milimita 123, gari huinuka zaidi ya sentimita moja, na spidomita husoma pungufu kwa kadiri ya asilimia 4, jambo ambalo dereva yampasa alikumbuke mbele ya kibao cha mwendo. Juu ya hapo huweka spesa za springi zisizozidi sentimita tatu, maana zikizidi, bolijointi hukaa upande na shokapu hukosa nafasi ya kujinyoosha. Chini ya sampu hufunga bamba la chuma lililotobolewa mahali pa kumwagia oili na pa kupitishia hewa, kwani bamba lililozibwa kote huhifadhi joto lile lile ambalo rejeta inajitahidi kulitoa.

Hasara ya pili ni vumbi, nayo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haina kishindo. Vijana wengi huondoa kasha la asili la filta ya hewa na kufunga filta ya koni iliyo wazi, wakipendezwa na mvumo wake, ilhali koni hiyo huvuta hewa ya moto ya chumba cha injini pamoja na vumbi jekundu la kiangazi. Na lirudishwe kasha la asili, kisha bomba lililo baada ya filta lifunguliwe na kupanguswa ndani kwa kitambaa cheupe: kikitoka na wekundu, pana mwanya, na ringi za pistoni zimekwisha kuanza kusagika.

Ya tatu ni injini yenyewe. Mashine ya RS200, iitwayo 3S-GE, kwenye gari lenye gia za mkono hugandamiza kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, nayo ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Hapa nyanda za juu hutoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine: Kibondo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hewa ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo nguvu hupungua, lakini hatari ya injini kugonga kwa petroli hafifu nayo hupungua. Mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ubadilishwe siku gari linaponunuliwa, kwa kuwa hesabu ya kilomita ya gari lililotumika si ya kuaminiwa.

Barabara kuu ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye kilomita 260.6, iliwekwa katika mpango wa lami kwa sehemu nne, lakini njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo, na wakati wa masika hakuna spesa wala bamba litakaloliokoa gari la magurudumu mawili ya kusukuma lenye tumbo chini. Anayelazimika kupita huko kila siku akiwa na shehena, na atafute gari jingine. Ama mwalimu, tabibu au mfanyabiashara ambaye kutwa yake ni mjini na kwenye barabara kuu, na alichague gari alipendalo bila haya, ilimradi fedha yake ya kwanza iende kwenye mkanda, ya pili kwenye filta, ya tatu kwenye tairi, na rangi na mapambo yangoje zamu yao.