Mafundi Dishi wa Malinyi

Setilaiti inayorusha Azam TV imekaa nyuzi 7 mashariki, kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ukiwa Malinyi, katika Bonde la Kilombero, dishi lake lazima litazame magharibi, likielekea kaskazini kidogo. Likihama nyuzi chache tu, picha hakuna.

Fundi yuko juu ya bati la moto, saa saba mchana, analisogeza kwa kiasi cha unywele. Ndani, mwenye nyumba amekodolea macho kipimo kwenye runinga. "Bado... bado... hapo hapo! Umepitiliza baba, rudisha!" Likikaa sawa, fundi anakaza nati taratibu sana, maana nati yenyewe hulivuta dishi.

Masika ndiyo kazi hasa. Bonde likifurika bodaboda haifiki. Dishi hupakiwa kwenye mtumbwi, king'amuzi kimeviringishwa nailoni, fundi kakipakata kama mtoto. Akifika, nguzo anaichimbia kwenye udongo uliolowa, anashindilia, anaitikisa, anashindilia tena.

Usiku watu wanajazana kutazama Simba na Yanga, fundi ameshavuka kurudi. Akija kwako, mshikie ngazi, mpe maji ya kunywa, na umlipe siku hiyo hiyo.