Filamu Saba kwa Sikio la Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda ana shida ambayo mwenzake wa Tanga au Unguja hana: akitoka darasani, lugha inabaki darasani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Hata hivyo, azimio haliingii masikioni. Isitoshe, wazee wengi bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya amri za kambini na vizuizi vya barabarani, na kumbukumbu hiyo wanafunzi wetu wameirithi.

Ndiyo maana walimu wengi hukimbilia filamu. Swali ni filamu ipi. Zifuatazo ni hukumu fupi juu ya filamu saba. Kipimo chetu ni kimoja: je, Kiswahili ni mali ya wahusika, au kimebandikwa kama pambo?

1. The Lion King (Roger Allers na Rob Minkoff, 1994)
Majina Simba, Rafiki na Pumbaa yametoka katika Kiswahili, na "hakuna matata" imezunguka dunia hadi kampuni ya Disney ikaisajili Marekani kama alama ya biashara. Lakini wanyama wenyewe wanaongea Kiingereza. Ni pambo tupu. Itumike dakika tano tu, kisha mwalimu aulize: Mswahili wa pwani angesemaje? Hamna neno, hamna shida, usijali.

2. The First Grader (Justin Chadwick, 2010)
Ni kisa cha kweli cha mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta karo katika shule za msingi. Oliver Litondo anamwigiza kwa heshima kubwa. Kasoro ni kwamba mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, hata pale ambapo mzee na mwalimu wa Kenya wangezungumza Kiswahili. Katika filamu inayotetea haki ya kujua kusoma, hilo si jambo dogo. Mtazamaji anaweza kuondoka akidhani elimu ina lugha moja tu. Ionyeshwe kwa ajili ya mjadala, si kwa mazoezi ya kusikiliza.

3. Maangamizi (Martin Mhando na Ron Mulvihill, 2001)
Daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani anakutana, katika hospitali nchini Tanzania, na Samehe, mgonjwa aliyenyamaza kwa miaka mingi. Amandina Lihamba anaibeba nafasi hiyo kwa uso kuliko kwa maneno. Mwendo ni wa polepole. Mwaka wa kwanza watasinzia. Lakini majina mawili, Samehe na Maangamizi, yanatosha kwa kipindi kizima: nani amsamehe nani, na kwa lipi? Inafaa darasa la fasihi.

4. Nairobi Half Life (David "Tosh" Gitonga, 2012)
Mwas anaondoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Anaibiwa alipofika tu, anaonja mahabusu, kisha anajiunga na genge la wezi. Wapo walimu wanaoikataa kwa sababu ya Sheng, wakihofia Kiswahili sanifu kitaharibika. Hatukubaliani nao. Mwas hasemi na wezi kama anavyosema na watu wa jukwaani, na hapo mwanafunzi anaiona rejista ikifanya kazi badala ya kuikariri kwenye kitabu. Joseph Wairimu anastahili sifa zote alizopata. Ila kuna matusi na damu, na asiyeshika upatanisho wa kisarufi atapotea. Iachiwe mwaka wa tatu.

5. Supa Modo (Likarion Wainaina, 2018)
Jo ni mtoto wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayetamani kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinashirikiana kuitimiza ndoto hiyo. Sentensi ni fupi, na mama na binti zake wanasemezana kama watu wa nyumba moja. Mara chache inatulazimisha kulia kabla hatujawa tayari. Anayetaka filamu ya kuanzia, aanze na hii.

6. Vuta N'Kuvute (Amil Shivji, 2021)
Hii ndiyo bora kuliko zote. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Tuko Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza: Yasmin, binti wa Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozwa kwake, na anakutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Lafudhi ni ya Unguja, wala hakuna mhusika anayepunguza mwendo ili mgeni amwelewe.

Kasoro ipo. Dakika tisini na kitu haziwezi kuibeba riwaya yote. Denge wa filamu ni mpenzi zaidi kuliko mwanasiasa, na hoja zake na wenzake zimepungua. Kwa hiyo riwaya isomwe kwanza.

Lakini kwa Uganda ina thamani ya pekee. Humo Kiswahili ni cha wanaoandamwa, si cha wanaoandama tu: wanapanga siri kwacho, wanaimba kwacho, wanapendana kwacho. Mwanafunzi aliyeambiwa nyumbani kwamba hii ni lugha ya bunduki anahitaji kulisikia hilo kwa masikio yake.

7. Who Killed Captain Alex? (Nabwana I.G.G., 2010)
Hii ni ya kwetu Wakaliga, Kampala, na si ya Kiswahili. Tumeiweka kwa ajili ya msimulizi wake, VJ Emmie, anayetania na kufafanua juu ya picha kama ilivyo desturi ya vibanda vyetu vya video. Zoezi ni hili: mwalimu azime sauti, kisha kila mwanafunzi asimulie dakika tatu kwa Kiswahili. Ngeli zitavurugika na darasa litacheka. Hata hivyo kila mmoja atakuwa amesema, tena bila kuamriwa la kusema.