Habari za Wakilindi: Kitabu Kilichoachwa Kabatini

Katika mafunzo yetu ya siasa tumezoea kuuliza jina la mwandishi kabla ya kuuliza amesema nini. Akiwa Shaaban Robert, tunasoma. Akiwa hatumjui, kitabu hubaki kabatini mpaka mchwa wakimalize. Huu si uvivu mtupu. Ni kasumba, yaani mazoea ya kungoja mtu mwingine, aghalabu wa ng'ambo, atuthibitishie kwamba kilicho chetu kina thamani. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alikuwa amekwisha kutoa riwaya kumi, na wengi wetu tulilisikia jina lake siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Jambo hili lilinikabili Mashewa, Wilaya ya Korogwe, katika semina ya makada na wanafunzi. Niliwataka washiriki wataje vitabu vizuri vilivyoandikwa na watu wa nchi hii. Yalitajwa majina yaleyale ya shuleni. Ndipo mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akafungua kitambaa na kutoa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Yeye alikiita "kitabu cha Mbegha". Tulikisoma kwa sauti, kwa zamu, na wakati wa chakula ulipita bila mtu kuinuka.

Mimi nilikitambua na nikaona haya. Nilipokuwa mwanafunzi chuoni nilikishika kitabu hichohicho, nikasoma anwani, "Habari za Wakilindi", nikasema moyoni kwamba hizi ni sifa za machifu, nikakirudisha. Kwa miaka niliyofundisha ukabaila baada ya hapo nilitumia mifano ya Ulaya, ya mabwana na watwana ambao msikilizaji wa Usambara hajawaona hata kwa picha, na huku mfano wa milima yake mwenyewe nilikwisha kuuacha kabatini.

Mwandishi ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyefariki mwaka 1912. Kazi yake ilipigwa chapa na misheni ya Magila, kwa sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Ilitolewa upya kwa Kiswahili mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen, yaani mwaka mmoja kabla ya uchifu kufutwa kwa sheria Tanganyika. Labda hapo ndipo bahati yake ilipoharibika: nchi ilipokuwa inauondoa uchifu, nani angetaka kusoma habari za ukoo wa kichifu?

Lakini tukisome kwa makini. Mbegha anatoka Unguu, milima ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilindi na zamani ilikuwa sehemu ya Handeni. Ni kigego, ndugu zake wanamkataa na kumnyima urithi. Anakuwa mwindaji wa nguruwe. Anapofika Usambara, anawagawia watu nyama nao wanampa chakula cha shambani, na mwisho wanamfanya mtawala wao. Ukoo huo, basi, uliingia madarakani kwa kugawa. Endelea kusoma mpaka kifo cha Kimweri mwaka 1862 na vita vya warithi wake, uone ulipofika: watu wanauzwa ili bunduki na baruti zipatikane, na Wabondei wanaasi na kuuangusha utawala wa Wakilindi huko Bonde. Mwandishi hasemi popote kwamba wanaogawa wamegeuka wanyang'anyi. Anapanga tu matukio yalivyofuatana, kwa sentensi fupi na mazungumzo ya watu, na msomaji anajionea mwenyewe. Vitabu vingi vya nadharia nilivyosoma havikunieleza chanzo cha dola kwa uwazi wa namna hiyo.

Upungufu upo, tena mkubwa. Abdallah aliishi kwa Semboja, Mazinde, na baadaye aliitumikia serikali ya Wajerumani. Vita kwake ni ugomvi wa ndugu wa ukoo mmoja. Mkulima aliyetoa kodi ya mazao na mifugo anapita katika kitabu bila jina. Biashara ya watumwa inatajwa kama mtu anavyotaja mvua.

Nilipoyaeleza haya pale Mashewa, kijana mmoja alisimama akasema kitabu cha mtu wa ikulu ya mtemi na mtumishi wa wakoloni kinafaa kutupwa. Mzee akamwuliza: "Mwanangu, asubuhi ulipokuwa unacheka na kusikitika, ulikuwa hujui aliyekiandika. Kilichobadilika sasa ni kitabu, au ni wewe?" Kijana hakukubali mara moja, wala sikutaka akubali upesi, kwa kuwa hoja yake ya tabaka ni ya kweli. Kosa lake ni kuifanya hoja hiyo iwe sababu ya kutosoma. Ndilo kosa langu la zamani, nami nilikuwa na udhuru mdogo kuliko wake.

Tusidhani vilevile kwamba kitabu kizuri hakikosi kujitokeza chenyewe. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Miaka 35 hiyo haikupotea kwa sababu kazi ilikuwa mbaya.

Siku ya kufunga semina nakala ile ilirudishwa kwa mwenyewe, imevikwa jalada jipya la karatasi ya kaki. Aliyeandika jina la Abdallah bin Hemedi juu yake kwa kalamu ya wino ni yule kijana mbishi, na chini ya jina akaongeza: "wa kwa Semboja". Mzee alilisoma, akacheka, akakifunga katika kitambaa chake.