Watetezi wa Ziwa Turkana
Miongoni mwa harakati za mashinani, yaani zile zinazoanzishwa na wananchi wenyewe, kazi ya Friends of Lake Turkana, shirika la kaskazini mwa Kenya lililoasisiwa na Ikal Angelei, inastahili pongezi za pekee. Ziwa hilo hupata takriban asilimia 90 ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 1,870, lilianza kujengwa mwaka 2006. Wanaharakati waliwaunganisha wazee wa jamii zilizozoea kugombania malisho na maji, jambo ambalo pengine lilikuwa gumu kuliko yote, kisha wakalifikisha suala lao bungeni, na mwaka 2011 likapitishwa azimio la kuitaka serikali ya Kenya idai tathmini huru ya athari, yaani uchunguzi wa madhara ya mradi kwa mazingira na watu. Bwawa lilizinduliwa hata hivyo, Desemba 2016. Lakini mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na Gibe III ikatajwa waziwazi miongoni mwa sababu.